Upinde wa Mwanao Usitengenezwe Mafichoni



Mvua za Singida zikishakatika, mtama na alizeti zikishaingia ndani, watoto wa kiume hujipatia kazi yao wenyewe. Hakuna aliyewatuma. Utamwona mmoja ameshika panga la baba yake, mwingine anachomoa nyuzi kwenye gunia la katani ulilolihifadhi, na wa tatu anazunguka nyuma ya nyumba akitafuta spoki ya baiskeli iliyovunjika. Ukiuliza mnafanya nini, jibu ni moja: "Hakuna kitu, mama." Siku mbili baadaye kuku mmoja anachechemea, nawe unaanza kuelewa.

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa kazi za mikono hatutashona vitambaa wala hatutapika maandazi. Tutatengeneza upinde na mishale. Baadhi yenu mtashangaa na kusema kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, tena upinde ni silaha. Ni kweli ni silaha, na hiyo ndiyo sababu ya kuiandika hapa. Mtoto atatengeneza upinde, umruhusu usimruhusu. Ukimkataza, atautengenezea makorongoni huko malishoni, na ncha ya mshale wake itakuwa spoki iliyonolewa juu ya jiwe. Ukikubali na kusimamia, atautengenezea uani, na ncha ya mshale itakuwa vile utakavyotaka wewe. Tofauti ya mishale hiyo miwili ni jicho la mtoto, lake au la mwenzake.

KAZI YA TANGU ZAMANI

Upinde haukuletwa kwetu na mtu. Katika michoro ya kale ya miambani huko Kondoa, jirani zetu wa mkoa wa Dodoma, baadhi ya watu waliochorwa wameshika pinde. Michoro hiyo iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wagogo, wote walizijua pinde, kwa kulinda mifugo, kwa kuwinda na kwa vita.

Lakini walimu wakubwa wa kazi hii tunao hapa hapa mkoani. Ni Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilaya ya Mkalama, upande wa Munguli, na wenzao wamo kandokando ya Ziwa Eyasi katika mikoa jirani. Idadi yao yote ni watu elfu moja na mia chache tu. Kwao mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa bado mdogo sana, hata kabla ya umri wa kuanza shule. Ni upinde mdogo kama yeye alivyo mdogo, na mchana kutwa hulenga vitu vya karibu pamoja na wenzake. Akikua kidogo, upinde nao unakuwa mkubwa kidogo. Hatimaye, akiwa mtu mzima, atavuta upinde unaodai nguvu kama ya kuinua kilo 30, na atauvuta kwa vidole.

Mishale yao nayo ina madaraja. Uko wa mti mtupu, uliochongwa ncha, wa ndege na wanyama wadogo. Uko wenye chembe cha chuma, ambacho wao wenyewe hukigonga kutoka kwenye msumari. Na uko wa sumu, kwa wanyama wakubwa, ambao hufunikwa ncha ili usimdhuru mwenyewe. Akina mama wa Kihadzabe hawatumii upinde. Chombo chao ni mti mnene uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto, ambao huchimbia mizizi, na mizizi hiyo hulisha familia siku ambazo mishale imerudi mitupu. Akina mama wengi mtaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Jambo la kujifunza kwao ni hili: upinde hukua pamoja na mtoto. Hakuna anayempa mtoto wa miaka minane upinde wa mtu mzima.

Hatuwaelezi haya ili watoto wetu wawe wawindaji. Wahadzabe huwinda kwa sababu ndiyo riziki yao, na hata wao ardhi yao imepungua sana kwa mashamba na mifugo ya watu wengine. Mwaka 2011 wenzao wa Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, walipata hati ya kimila ya kuilinda sehemu yao. Kwa sisi wengine, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali. Kwa hiyo upinde tutakaoutengeneza ni wa kulenga shabaha. Hautaelekezwa kwa digidigi wala kanga wa porini, wala kwa kuku wa jirani.

NANI AMFUNDISHE?

Kama baba yupo nyumbani, kazi hii ni yake, na wewe mwombe. Usimwambie mbele ya watu kwamba hana muda na watoto wake. Mwambie tu kwamba kijana anataka kutengeneza upinde na hajui kuchagua mti. Ni nadra sana mwanaume aliyekulia kijijini akasikia hivyo na asiinuke. Wengi walijifunza kwa baba zao, na mikono yao bado inakumbuka. Baba asiyejua la kuzungumza na mwanawe mezani, atazungumza naye vizuri sana wakiwa na kisu na kipande cha mti.

Babu naye asisahaulike. Mzee ambaye siku hizi hukaa kwenye kigoda akingoja chakula, mpelekee mjukuu na mti. Utaona atakavyonyooka mgongo.

Na kama baba yuko mbali, machimboni au mjini, au ametangulia mbele ya haki? Basi mwombe mjomba, au ufanye mwenyewe. Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 21, tunasoma habari za Hajiri aliyefukuzwa na mwanawe jangwani. Maji yalipokwisha, alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali kama umbali wa kutupa mshale, kwa kuwa hakuweza kumtazama akifa. Mungu aliwaokoa, na sura hiyo hiyo inasema kwamba Ishmaeli alikulia jangwani akawa mpiga upinde. Mpiga upinde huyo alilelewa na mama.

KUCHAGUA MTI

Mti unaofaa ni ule mgumu unaokubali kupinda na kurudi. Hapa kwetu mkole unajulikana sana kwa sifa hiyo, na ndio huo huo ambao matunda yake madogo watoto huyala. Kama eneo lenu lina mti mwingine ambao wazee huutumia kwa mipini na fimbo za kuchungia, huo nao utafaa. Msitumie mti mlaini, na msitumie tawi lililokauka lenyewe porini, kwani huvunjika ghafla na kumpiga mtoto usoni.

Tafuteni chipukizi lililonyooka, lisilo na vifundo wala matawi. Urefu uwe kutoka ardhini mpaka kidevuni mwa mtoto mwenyewe. Unene wa katikati usizidi kidole gumba cha mtu mzima. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, na kateni juu kidogo ya shina ili mti uchipue tena.

Mti mbichi hupasuka ukikaushwa haraka. Uacheni na ganda lake, pakeni nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili mlikokata, ufungeni kwenye fito iliyonyooka, na uwekeni kivulini kwa muda wa wiki tatu. Usiwekwe juani wala juu ya jiko. Hapo mtoto atakuja kila asubuhi kuuliza kama umekauka. Mwambie bado. Subira hiyo ni sehemu ya kazi, na ni sehemu ambayo hataipata dukani.

KUCHONGA

Wiki tatu zikiisha, meneni ganda taratibu bila kuukata mti wenyewe. Simamisheni mti huo, shikeni ncha ya juu, na bonyezeni kidogo. Utageuka wenyewe na kuonyesha unapenda kupindia upande gani. Upande wa nje wa mpindo ni mgongo wa upinde. Upande wa ndani, unaomtazama mpigaji, ni tumbo.

Sasa shikeni kanuni hii moja, kwani nyingine zote zinaifuata: mgongo hauguswi na kisu. Nyuzi za mti zilizo mgongoni ndizo zinazovutwa, na ukizikata upinde utavunjikia hapo. Mnachonga tumbo tu.

Wekeni alama katikati na mwache kiasi cha upana wa kiganja bila kukipunguza. Hapo ndipo pa kushikia. Kisha chongeni kutoka hapo kwenda kwenye ncha, mkipunguza kidogo kidogo, ili ncha ziwe nyembamba kuliko katikati. Kisu kiende mbali na mwili siku zote, na mtoto akae, asitembee nacho. Kila baada ya kuchonga kidogo, pindeni upinde kidogo na mtazame mikono yake miwili. Mmoja ukipinda na mwingine ukabaki umenyooka, chongeni ule ulionyooka. Msichonge uliopinda. Kazi hii ya kusawazisha inaweza kuchukua siku mbili au tatu za jioni. Haraka haraka haina baraka: aliyepunguza sana hawezi kurudisha.

Mikono ikiwa sawa, laini­sheni kwa kipande cha chupa kinachoshikwa na mtu mzima, au kwa msasa. Kateni pengo dogo pembeni mwa kila ncha kwa ajili ya uzi. Mwisho pakeni mafuta ya alizeti, ambayo Singida hatuna haja ya kuyatafuta mbali, kisha futeni kwa kitambaa. Rudieni mara tatu, kila siku mara moja.

UZI WA UPINDE

Hapa ndipo mama anapomshinda baba. Uzi wa upinde, ambao Kiswahili cha wazee huuita upote, zamani ulitengenezwa kwa mishipa ya mnyama. Sisi tutatumia katani. Chukua nyuzi ndefu, zigawe mafungu mawili yaliyo sawa. Kila fungu lisokote kuelekea kulia, kisha lipitishe juu ya mwenzake kuelekea kushoto. Kwa kuwa kila fungu limesokotwa upande mmoja na yote mawili yamezungushwa upande wa pili, yanabanana na hayafunguki tena. Wewe uliyesuka mikeka na nywele za binti zako, vidole vyako vitalijua jambo hilo kabla ya kichwa.

Fanya kitanzi mwisho mmoja, na mwisho wa pili ufunge kwa fundo kwenye ncha ya chini. Paka nta ya nyuki uzi wote mpaka uwe laini. Upinde ukishafungwa, nafasi kati ya uzi na mahali pa kushikia iwe ngumi moja ya mtu mzima na kidole gumba kilichosimama.

Uzi ufungwe wakati wa kucheza tu. Mchezo ukiisha, ufunguliwe. Upinde uliokaa umefungwa usiku kucha huchoka na kubaki umepinda. Tena upinde usio na uzi ni fimbo tu: hata mdogo wake akiupata, hawezi kuumiza mtu kwa mshale.

KUPIMA NGUVU KWA NDOO

Kabla mtoto hajaushika, pimeni nguvu zake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi ndoo itatosha kuwa mizani. Ning'inizeni upinde kwa sehemu ya kushikia, juu ya tawi imara, uzi ukiwa chini. Funga ndoo ndogo kwenye uzi. Mimina maji lita moja moja, taratibu, watoto wakiwa wamesimama mbali, mpaka uzi ushuke kama sentimeta 40 kutoka mahali pa kushikia, yaani kiasi ambacho mtoto huvuta.

Kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi, lita tatu au nne zinatosha. Kwa wa miaka kumi na moja hadi kumi na tatu, msivuke lita sita. Maji yakizidi hapo, upinde una nguvu mno: punguzeni tumbo la mikono yote miwili, kidogo na kwa usawa, kisha mpime tena. Mtoto akilalamika kwamba upinde wake ni dhaifu, mwambie utakua pamoja naye.

MISHALE

Tafuteni vijiti vilivyonyooka vya unene wa penseli. Urefu wake: mtoto anyooshe mikono mbele na kukutanisha viganja, kisha pimeni kutoka kifuani mpaka ncha za vidole, na mwongeze kama sentimeta tano. Mshale mfupi mno ni hatari, kwani unaweza kuvutwa ukapita nyuma ya upinde na kumchoma mkono.

Kijiti kilichopinda hunyooshwa kwa moto. Kipitishwe juu ya makaa, si ndani ya ndimi za moto, mpaka kipate joto, kisha kipindwe kinyume na kushikwa hivyo hivyo mpaka kipoe. Wahadzabe hukishika kwa meno, lakini kwetu mikono itatosha.

Nyuma ya mshale kateni pengo la kukalia uzi, kina cha nusu sentimeta. Chini ya pengo hilo zungusheni uzi wa kushonea na kuukaza, ili mti usipasuke. Kisha manyoya. Singida yetu imejaa kuku wa kienyeji, basi siku ya kuchinja usitupe mabawa. Chukua manyoya matatu makubwa ya bawa moja, yote ya kulia au yote ya kushoto, wala yasichanganywe, kwa sababu ndiyo yanayouzungusha mshale ukaenda sawa. Yapasue katikati ya uti, yapunguze kwa mkasi, yapange kuuzunguka mshale kwa nafasi zilizo sawa, yabandike kwa gundi ya mgunga au ya mbao, na yafunge kwa uzi mbele na nyuma.

Sasa tumefika kwenye ncha, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Ncha isiwe ya chuma wala mti uliochongoka. Hata kijiti butu kisichofunikwa hakifai, kwa sababu unene wake ni mdogo kuliko tundu la jicho. Ncha salama ni pana, angalau sentimeta 5, na laini. Itengenezeni hivi: kutoka kwenye kandambili kuukuu kateni vipande vitatu vya mviringo, vya upana wa sentimeta 6. Kipande cha kwanza kitobolewe katikati na mshale upite. Juu ya ncha ya mshale wekeni kizibo cha soda kilichogongwa kikawa bapa, ili kijiti kisije kikatoboa mbele. Halafu bandikeni vipande viwili vilivyobaki. Vyote vifunike kwa kitambaa imara, uvute nyuma, ukaze kwa uzi na ushone. Ncha hiyo inafanana na uyoga. Watoto wataicheka. Waache wacheke.

Na sumu isitajwe hata kwa mchezo. Mmea ule wenye shina nene na maua ya waridi, ambao mijini watu huupanda kwenye vyungu kwa uzuri wake, ni miongoni mwa mimea ambayo wawindaji hutolea sumu ya mishale. Kama unao barazani, watoto wasiuchezee utomvu wake, na ukiukata, nawa mikono kwa sabuni.

SHERIA ZA UANI

Shabaha iwe gunia lililojazwa majani makavu, mbele ya ukuta au kichuguu, mahali ambapo hakuna njia ya watu nyuma yake. Kisha sheria hizi zisemwe siku ya kwanza, na zirudiwe kila siku:

1. Upinde hauelekezwi kwa mtu wala mnyama, hata ukiwa hauna mshale.

2. Wote husimama nyuma ya mstari mmoja. Hakuna anayefuata mshale mpaka pinde zote ziwe chini.

3. Hakuna kupiga mshale juu angani. Unapokwenda unauona, unaporudi huuoni.

4. Uzi hauvutwi na kuachiwa bila mshale. Upinde unaweza kuvunjika.

5. Kabla ya kuanza, kila mshale hukaguliwa. Wenye ufa, au wenye ncha iliyolegea, huchomwa jikoni.

6. Bila mtu mzima uani, pinde hazishuki ukutani.

Atakayevunja sheria anyang'anywe upinde kwa wiki nzima, na wiki iwe wiki kweli. Hapa akina mama tuna udhaifu wetu. Mtoto akilia siku ya pili, moyo unalainika na upinde unarudi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

JICHO LIKIUMIA

Tunaandika haya tukiomba msiyahitaji. Ikiwa kitu kimechoma jicho na bado kimo ndani, usikichomoe. Usilioshe jicho lililotobolewa, usilisugue, usilibane kwa kitambaa. Lifunike kwa kikombe safi ambacho kingo zake zinakaa kwenye mfupa kuzunguka jicho bila kuligusa, mkalishe mtoto kichwa kikiwa juu, umtulize, na umpeleke hospitali saa ile ile. Njiani usimpe chakula, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa.

Ikiwa jicho limepigwa bila kutobolewa, weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, bila kukandamiza. Kisha mpeleke aangaliwe siku hiyo hiyo, hasa kama anaona ukungu, anaona vitu viwili viwili, au kuna damu ndani ya jicho. Maziwa ya mama, maji ya majani na sukari visitiwe kamwe. Vinaingiza wadudu wa ugonjwa, na kuchelewa kwa siku moja kunaweza kupoteza jicho ambalo daktari angeliokoa.

NA BINTI JE?

Binti atasimama pembeni akitazama, kisha atauliza kama na yeye anaweza. Mpe. Katika Michezo ya Olimpiki mchezo wa kulenga kwa upinde umekuwa na mashindano ya wanawake kila mara tangu mwaka 1972. Wanawake wa Korea Kusini wameshinda medali ya dhahabu ya timu kila mara tangu mashindano ya timu yalipoanza mwaka 1988 hadi yale ya mwaka 2024 jijini Paris. Upinde unataka jicho lililotulia na mkono usiotetemeka, na binti zetu wanaobeba ndoo kichwani bila kumwaga wanavyo vyote viwili.

MSHALE NA MTOTO

Zaburi ya 127 inawafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa. Mara nyingi husomwa kwenye harusi, nasi huitikia amina na kufikiri juu ya wingi wa watoto. Lakini aliyewahi kutengeneza mshale huusikia mfano huo kwa namna nyingine. Anajua kwamba mshale haukuota umenyooka. Ulipitishwa kwenye moto, ukashikwa mpaka ukapoa, ukavalishwa manyoya, ukakaguliwa kila asubuhi. Na anajua kwamba ukishaachiwa, hakuna anayekimbia nyuma yake kuunyoosha njiani.

Basi mama, likizo ya Juni na ile ya Desemba si ndefu. Mwanao anazunguka nyuma ya nyumba akitafuta spoki. Mwite kwa jina lake, kabla hajaipata, umwambie amfuate baba yake au babu yake wakatafute mkole. Wewe tangulia kutafuta kandambili kuukuu na mkasi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.